Neno Moja la Mwalimu

Kiharusi kilipompiga Mwalimu kilimlegeza mkono wa kulia, kikampinda mdomo, na maneno yake yote kikayazoa, kikamwachia moja tu. Tena lenyewe la Kiingereza. Mtu aliyefundisha lugha hadi mvi zikamjaa kichwani, aliyekuwa akibishana hata na redio, sasa ukimwuliza amelalaje anakujibu "fine." Anataka uji au maji? "Fine." Umemkanyaga kwa bahati mbaya? "Fine." Jamani, dunia haina adabu.

Na neno lenyewe ndilo alilokuwa na ugomvi nalo tangu ujana. Darasani, watoto waliposimama asubuhi na kukariri kwa sauti moja kwamba wako fine, asante mwalimu, yeye aliwaacha wamesimama vilevile. "Fine ipi?" anawauliza. Hapo tena mtoto wa watu asimame na njaa yake. Kuna fine ya mwenye afya, anasema, na fine ya kitu kizuri. Kuna fine ya mchanga laini na uzi mwembamba, kuna ya anga lisilo na wingu, na kuna ya mtu aliyechoka kubishana: haya, fanya utakavyo. Halafu kuna ile ya mahakamani. Zote hizo mama yao ni mmoja, neno la Kilatini lenye maana ya mwisho. Kitu kilichofikishwa mwisho wake, kikachujwa na kunyooshwa mpaka hakuna la kuongeza, ndicho kizuri, na ndicho chembamba. Na ugomvi uliofikishwa mwisho kwa malipo, hiyo ndiyo faini. "Na sisi, katika utajiri wote huo," alimalizia, "tukaenda kuazima ile inayotutoa pesa." Watoto walicheka, hata wasioelewa kitu, kwa kuwa walijua sasa wataambiwa wakae.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaani waliishia kumwita Fundi. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha, na vipande vya vitambaa vilimzunguka miguuni. Somo lile la fine alilisikia kila alipokuja mgeni, maana Mwalimu hakujua kumkaribisha mtu bila kumfundisha. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Fundi akitia neno, Mwalimu alimsahihisha. Kwa upole, nisimsingizie, lakini alimsahihisha, mpaka mwanamke akaona heri akae na pini zake mdomoni, kazi iendelee.

Basi siku wageni wa kwanza walipokuja kumjulia hali, Mwalimu alitoa neno lake. Mdogo wake, fundi bomba, mtu wa utani na kicheko, aliinama akaanza kulia. Fundi aliona aibu, akaona na huruma, na kabla hajajizuia ulimi ukamponyoka.

"Anasema karibuni. Na anakuuliza, mbona watoto hukuja nao?"

Fundi bomba akafuta macho. "Kumbe unamwelewa, shemeji?"

"Nimezeeka naye, nisimwelewe?"

Uongo mtupu. Hakumwelewa hata chembe. Lakini uongo ule uliwatuliza watu, wakanywa chai, wakaondoka na nyuso zenye nuru. Waliofuata nao wakauliza, "Mwalimu anasemaje?" na Fundi akawaambia. Mwanzoni alisema machache. Baadaye ulimi ulizoea, akawa anatoa salamu ndefu, pole, mawaidha, hata utani. Ilifika mahali majirani wawili waliogombea mfereji wa maji machafu walikuja kuamuliwa, kama zamani. Mwalimu akasema, "Fine." Fundi, bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona, akasema, "Anasema mfereji ugeuzwe upande wa barabara. Na wewe bwana mkubwa uache kutukana mama wa watu." Ukageuzwa. Walitoka wakisifu kwamba hekima ya Mwalimu haijapungua hata kidogo.

Na Fundi alipenda. Nimfiche kwa lipi? Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikuwa akisema watu wakisikiliza, na hakuna wa kumsahihisha. Wageni wakishatoka alimgeukia mumewe pale kitandani, akamwuliza, "Nimekosea?" Mwalimu alimtazama kwa lile jicho lisilolegea. "Fine," alisema. Ni fine ipi, Fundi hakujua. Alimfunika shuka akarudi kwenye cherehani.

Mwalimu alikuwa na sukari ya miaka mingi, na sukari haina haraka. Kidonda kilianza kwenye kidole cha mguu, kidogo, cha kupuuzwa. Kidole kikawa cheusi, weusi ukapanda, na harufu ikafika mpaka mlangoni. Wateja wa Fundi wakaanza kupimwa nguo wakiwa wamesimama barazani.

Hospitali, daktari hakuzungusha maneno. Alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka, mikono mifukoni. Mguu ukatwe chini ya goti, alisema, la sivyo sumu itapanda na mgonjwa hatafika mbali. "Lakini huyu ana akili zake timamu," akaongeza. "Mguu ni wake. Akikataa, simgusi. Mwulizeni mbele yangu."

Fundi bomba alimwuliza kaka yake, na kumweleza yote mara mbili. Mwalimu alisikiliza. Kisha akanyoosha mkono wake mzima, akaushika mkono wa mkewe na kuupeleka gotini kwake, akaukandamiza hapo. Alimtazama machoni kwa muda mrefu. "Fine," alisema, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

Na hapo Fundi alielewa. Baada ya miezi yote ile ya kubuni, siku hiyo neno lilimfika wazi kabisa, lisingekuwa wazi zaidi hata angelisema kwa lugha ya mama yake. Mwalimu alikuwa akimwambia: imetosha. Mnirudishe nyumbani na miguu yangu miwili, niende nilivyo. Alikuwa akimuaga.

"Anasemaje, shemeji?" Fundi bomba aliuliza. Daktari naye alikuwa akimtazama yeye.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo tusimhukumu haraka. Alifikiria nyumba bila pumzi za mtu yule, cherehani ikipiga kelele peke yake kwenye chumba kitupu. Alifikiria pia, na hili lilimchoma, kwamba siku Mwalimu akizikwa na yeye atarudi kuwa mtu asiyeulizwa kitu.

"Amekubali," alisema. "Anasema mguu ukatwe."

Mkono uliokuwa juu ya wake ukalegea. Mwalimu hakusema tena. Angesema nini, na neno lake moja limeshatafsiriwa?

Walimkata, na akapona. Daktari alifurahi, maana kidonda kilifunga vizuri na homa ikaisha, akasema watu wa umri ule wachache hupona hivyo. Alipozinduka, Fundi alikuwa pembeni na bakuli la uji. "Umelalaje, baba?" alimwuliza. Mwalimu aligeuza uso ukutani.

Hakusema fine siku hiyo, wala iliyofuata, wala walipomrudisha nyumbani. Fundi aliogopa kwamba kiharusi kimerudi. Daktari akampima, akatikisa kichwa. "Hakuna pigo jipya," alisema. "Ulimi uko vilevile. Hataki tu." Fundi alimbembeleza. Alimpikia alivyovipenda, akakosea maneno makusudi ili aghadhibike amsahihishe. Akamlilia pia. "Sema chochote," alimwomba, "hata lile lako." Mwalimu alikula alicholishwa, akatazama ukuta.

Kisha wageni wakaja, kama kawaida, kumpongeza kwa kupona. Fundi bomba aliongoza, ucheshi wake umemrudia. Aliketi ukingoni mwa kitanda, pale shuka ilipokuwa imelala bapa bila mguu chini yake, akaligundua hilo akasogea.

"Kaka, umetushinda," alisema. "Sasa mzima?"

Mwalimu kimya. Wageni walisubiri, vikombe mikononi. Kisha wote, kwa mazoea, wakamgeukia mkewe.

"Anasemaje, shemeji?"

Fundi alilamba midomo. "Anasema," alianza, "anasema anawashukuru, na kwamba..."

Mkono wa kushoto wa Mwalimu uliinuka kutoka kwenye shuka. Ulipapasa hewani, ukapata uso wa mkewe, na kiganja kikamfunika mdomo. Hakumwumiza. Alikiacha kiganja palepale, na Fundi hakukitoa, na machozi yalipita juu ya vidole vya mumewe mbele ya watu wote.