Nilivyomkaushia sungura mboga za Garangao juu ya paa, Doha

Wakuu, hodi humu ndani.

Kwanza mnisamehe kwa herufi nitakazokosea. Nimeishia darasa la saba, na naandika kwa simu, kidole kimoja, polepole. Mngeuona mwandiko wangu wa kalamu mngeshukuru kwamba simu zipo. Huwa nasoma nyuzi zenu kisha naondoka kimya kimya. Leo nimejipa moyo.

Haya ninayosimulia yamenitokea mimi mwenyewe, nilipokuwa kazi za ndani Qatar. Sijaongeza chumvi.

Kilichonikumbusha ni harufu. Jana sokoni hapa Kondoa mama mmoja alikuwa anachambua giligilani, ile mbichi, mikono yake yote imekuwa kijani. Nikasimama pale mpaka akaniuliza, "Wewe binti, unanunua au unanusa?"

Nilikuwa nanusa.

Basi nianze.

Nyumba niliyofanyia kazi ilikuwa Umm Salal, nje kidogo ya Doha. Alikuwepo Madam, mume wake, na binti yao Lulwa, wa miaka minane hivi. Dereva alikuwa Mkenya wa Bungoma, Wafula. Na alikuwepo Halawa.

Halawa ni sungura. Mweupe, sikio moja limelala. Jina lake maana yake halua, na kwa unene ule lilimfaa. Alikaa ndani, sebule ndogo, kwenye tundu kubwa chini ya kiyoyozi.

Kwetu sungura anafugwa nyuma ya jiko, na kila mtu anajua mwisho wake. Siku ya kwanza kumwona yule amelalia zulia, Wafula alinichungulia usoni akacheka.

"Asha, usimwangalie hivyo. Najua unafikiria nini. Hata mimi nilifikiria. Huyo si mboga, huyo ni mtoto wa boss."

Mimi ni mtu wa aibu sana, wakuu. Mwaka wa kwanza pale nilikuwa najibu kwa kichwa tu. Kiarabu cha madrasa nilikuwa nakisoma, kukizungumza siwezi. Aliyenifundisha kuongea ni Lulwa. Alikuja jikoni na karoti, anaitaja, nami naitaja. Giligilani, anaitaja, naitaja. Nikikosea anamgeukia sungura na kumwambia, "Halawa, umesikia?" Nilikuwa nacheka naye, na nikicheka aibu inapungua.

Sasa niwaeleze Garangao, kwa wasiojua.

Ramadhani ikifika katikati, watoto wa kule huvaa nguo za kupendeza, wakishafuturu wanapita majumbani na mifuko ya kitambaa shingoni. Wanaimba, wanapigiwa ngoma, wanajaziwa karanga, lozi na peremende. Usiku ule kila mtoto lazima apewe. Na mtoto wa kule akishapewa, naye anataka kutoa.

Mwaka wangu wa kwanza binamu za Lulwa walijaa nyumbani. Kulikuwa na mmoja, Saud, mdogo wa wote, ana shavu kama andazi. Yeye na wenzake walimwonea huruma Halawa kwamba hana mfuko. Wakampa karanga. Wakampa peremende. Wakampa chokoleti, wanapitisha kwenye vyuma, mmoja baada ya mwingine.

Kesho yake Halawa hakula. Tumbo likawa gumu kama mpira. Amejikunja kwenye kona, anasaga meno. Wafula alimpeleka kwa daktari wa wanyama mjini, Lulwa amempakata analia njia nzima, mimi nyuma nimeshika taulo. Daktari alisema sungura akisimama kula, matumbo yanasimama, na matumbo yakisimama anakufa. Nyasi kavu, maji, na majani kidogo. Sukari isimfikie tena.

Alipona kwa shida. Madam naye akatoa kauli. Hakupiga kelele, alisema akiwa anavua abaya mlangoni.

"Akiumwa hivi tena anakwenda shambani kwa baba. Nyumba hii ina wageni, siwezi kulinda tundu."

Shamba la babu lilikuwa na mbuzi na mbwa, hakuna kiyoyozi. Na Ramadhani miaka ile ilikuwa inaangukia kiangazi chenyewe, mnaokaa Ghuba mnakijua. Sungura wa binamu mmoja alishapelekwa kule kiangazi, akafa kwa joto. Lulwa alikuwa anajua.

Mwaka wa pili Garangao ikakaribia. Lulwa akaja jikoni, akakaa juu ya gunia la mchele.

"Una nini?"

"Saud anakuja."

"Utamwambia asimpe."

"Nilimwambia hata mwaka jana. Alisema Halawa pia ni mtoto."

Nikafikiria nikiwa naosha mchele. Kweli, nyumba itajaa watoto, nani atamzuia nani? Ukimkataza huyu, yule amepenya. Ndipo nikamwambia, kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, "Basi na yeye tumtengenezee mfuko wake. Wakitaka kumpa, wampe kilicho chake."

Lulwa aliruka kutoka kwenye gunia.

Jaribio la kwanza liliharibika, wakuu, na aliyeliharibu ni mimi na ukwetu wangu.

Kwetu majani ya kunde yanachemshwa na magadi, yanakamuliwa, yanaanikwa, yanawekwa mpaka kiangazi. Mkono wangu haujui njia nyingine. Nikachukua giligilani, nanaa na yale majani ya jirjiri yanayouzwa kwa mafungu, nikabandika sufuria, na kabla sijawaza nimeshatia magadi soda. Nimefunga, siwezi hata kuonja. Nikafinyanga biskuti ndogondogo, nikazianika.

Zilipokauka tukampa moja. Halawa alinusa. Akatugeuzia mgongo. Kisha akapiga mguu chini, pa!

Wafula alikuwa mlangoni na funguo za gari.

"Msee amekataa! Asha, chakula chako kimekataliwa na mtu anakula box la karatasi!"

Lulwa hakucheka, nami sikucheka. Siku zilikuwa zimebaki chache.

Jioni nikampigia bibi yangu Kondoa.

"Bibi, sungura hataki."

"Sungura? Umepika sungura?"

"Hapana, nampikia yeye."

Halafu nikasikia anaita majirani. "Njooni msikie! Huyu mtoto Uarabuni ameajiriwa na sungura!"

Walicheka mpaka salio likaanza kunitia wasiwasi. Aliporudi kwenye simu akauliza umetia nini. Nikamtajia. Akaguna.

"Magadi ya nini? Magadi ni ya kulainisha. Mnyama ana meno yale yote, unamlainishia nini? Umepika kwa ulimi wako. Mpe majani kama majani. Na usianike juani. Jua linapika, kivuli ndicho kinakausha."

Zile biskuti zenye magadi nikazitupa zote. Tukaanza upya.

Naandika tulivyofanya, labda kuna mtu ana mtoto na sungura. Majani nilikatakata mabichi, yameoshwa na kukauka maji. Nikachukua boga kidogo sana, nikalipika kwa mvuke, nikaliponda liwe gundi. Karoti ya kukwaruza, kiasi cha kuonekana rangi tu, maana nayo ina sukari. Nyasi zake kavu nikazisugua kwa viganja zikawa kama unga, nikachanganya. Hakuna chumvi, hakuna mafuta, hakuna asali. Lulwa akafinyanga kila moja sawa na kifungo cha koti, akabonyeza kwa kidole gumba katikati.

Tukapanda paa. Chini ya tangi la maji kulikuwa na kivuli kizuri, hewa inapita kama tanuri lililoachwa wazi. Nikatandika sinia, juu yake mtandio wangu mwepesi wa kuzuia vumbi, kila pembe jiwe.

Kila baada ya Alasiri tulikuwa tunapanda kugeuza. Njaa inauma, midomo imekauka, Lulwa amevaa ndala za mama yake. Tunageuza moja moja. Chini tunasikia Wafula anaosha gari. Harufu ya giligilani inayokauka inapanda, na mimi kwa dakika kadhaa nipo Kondoa, juu ya jiwe la bibi la kuanikia mboga, na papo hapo nipo Doha, na siumii kokote.

Ile ndiyo harufu iliyonisimamisha sokoni jana.

Tukampa Halawa moja. Alinusa. Akaichukua. Ule mlio wa kutafuna, kru kru kru, Lulwa aliufuata mpaka akalala kifudifudi na sikio kwenye vyuma.

Kesho yake Madam alituletea kipande cha kitambaa cha nguo yake, chenye uzi wa dhahabu. Nikashona mfuko.

Ikafika Garangao yenyewe. Tumefuturu, nyumba imejaa, ngoma, udi, watoto wanakimbia na mifuko inagonga matumbo. Mimi nimebeba sinia la chai kwa kina mama. Nikageuka nikamwona Saud amechuchumaa kwenye tundu, peremende imeshavuliwa karatasi, mkono umepita kwenye vyuma. Lulwa yuko mbali, anavalishwa mtandio.

Wakuu, mimi sauti yangu nilikuwa siijui. Nilipaza.

"Hapana Saud! Si hiyo!"

Kina mama wote wananitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na sinia langu.

Saud akanitazama, mdomo unaanza kutetemeka. "Kwa nini? Leo kila mtu anapewa."

Nikaweka sinia chini, nikachuchumaa. "Na yeye anapewa. Ila mfuko wake ni huu."

Nikamtungulia ule mfuko, ulikuwa umening'inia kwenye tundu. Akatoa biskuti moja, akaigeuza, akaitia mdomoni mwake. Akatafuna. Uso ukajikunja.

"Haina sukari! Maskini Halawa!"

Watu walicheka mpaka bibi mmoja akafuta machozi. Watoto wakapanga mstari, kila mtoto biskuti moja tu, hiyo ndiyo sheria ya Lulwa, na wakamwimbia sungura wimbo wa Garangao. Peremende ile Saud alikula mwenyewe.

Asubuhi nilishuka mapema kwenda kuangalia mavi yake. Mnaofuga mnajua, habari yote ya sungura iko pale. Nikamkuta Madam ameshatangulia, ameinama na nguo za sala.

"Njoo uone," akasema.

Ya mviringo, makavu, mengi kama mbaazi. Na Halawa anatafuna nyasi.

Madam akanyoosha mgongo. "Anabaki. Mwakani tengenezeni nyingi. Na Saud mtengenezee yake, tia sukari."

Nilitengeneza Garangao mbili nyingine, mpaka mkataba ulipoisha. Siku ya kuondoka Lulwa alikuwa ameshanipita urefu. Hakushuka kuniaga, Wafula akasema muache, analia. Nilipofungua begi hapa nyumbani nikakuta ule mfuko wenye uzi wa dhahabu, umejaa biskuti alizofinyanga mwenyewe. Kila moja ina alama ya kidole gumba.

Sikuwapa sungura wa bibi. Nimezitundika ukutani. Harufu imeisha, alama za kidole bado zipo. Na bibi akichinja sungura, mimi siku hiyo nakula mlenda.

Nililojifunza ni dogo. Mwenye hamu ya kutoa usimshike mkono, mpe cha kutoa.

Simu yangu ya kule iliibiwa na namba zote zilikwenda. Sijui Halawa yupo au hayupo, ni mzee sasa. Kama kuna ndugu yuko Umm Salal na usiku wa Garangao akaona watoto wanamwimbia sungura, aniandikie hapa. Na wasio huko pia niandikieni, mnaofuga, mnaokausha mboga, hata wa kunicheka kama Wafula.

Kujibu nitachelewa, kidole ni kimoja. Ila nitajibu.