Kigelegele Kina Mwenyewe

Jua halijachomoza vizuri, na Mauwa binti Salehe anafagia ukumbi ambao haukuchafuka.

Anaanzia jukwaani, anashuka kati ya safu za viti, anafika mlangoni. Mwisho wa safari anainama na kuokota alichopata: ganda moja la chungwa na kipande cha tiketi. Anavitazama, kisha anaguna.

"Andika na hili, mwandishi," anasema. "Zamani Jumatatu kama hii nilikuwaga natoa ndoo nne za maganda ya karanga. Nne! Leo hata kuku akiingia humu hapati cha kudonoa."

Katika ukumbi huu wa jamii, hapa Temeke, kila Jumapili jioni hufanyika mashindano ya waimbaji chipukizi yanayoitwa Sauti Mpya. Hurekodiwa kwenye kanda na kusikika redioni usiku uleule. Mauwa, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ni mfagizi hapa tangu yalipoanza. Mshahara wake ni shilingi mia tatu na themanini kwa mwezi.

Miaka ya mwanzo watu walikuja kwa miguu kutoka Keko, Mtoni, hata Magomeni. Majaji hawakuwapo. Aliyeshangiliwa zaidi ndiye aliyeshinda, basi. Kuli, mpishi na mwalimu walipimwa kwa mzani mmoja, na mzani wenyewe ulikuwa koo za wananchi.

Halafu ikaja kamati. Kamati ikaleta meza, meza ikaletewa kitambaa, na nyuma ya kitambaa wakakaa watu watano wenye kalamu. Ushindi ukaanza kwenda kwa watoto wa wanaojuana. Watu wa Temeke si wajinga. Walizomea wiki mbili tatu, wakaona hawasikilizwi, wakabaki makwao.

Hapo ndipo wizi ulipoanza. Mwandishi ametafuta neno la adabu zaidi na hakulipata.

Katika miaka ile ya neema, Mauwa alisifika kwa kigelegele chake. Jumapili moja alipanda jukwaani Atuganile, binti wa Kinyakyusa anayefanya kazi kiwanda cha nguo, akaimba wimbo wa kubembeleza mtoto kwa lugha ya kwao. Nusu ya ukumbi haikuelewa hata neno moja, na ukumbi mzima ulitokwa na machozi.

Mauwa alitupa fagio, akapanda juu ya kiti na kupiga kigelegele kirefu. Alipokimaliza akamkumbuka mumewe Mwishehe, fundi seremala, aliyekuwa nyumbani anaumwa kifua na ambaye usiku angesikiliza redio. Akapaza sauti: "Baba Tausi, unanisikiaaa?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Usiku, redio iliporudisha maneno hayo, Mwishehe alijibu akiwa kitandani: "Nakusikia, mke wangu. Hata Kigamboni wamekusikia." Ukawa utani wa nyumba ile. Mauwa akichelewa sokoni, mumewe alikuwa akimwuliza mlangoni kama anamsikia.

Mwaka jana kifua kile kilimwondoa Mwishehe, na Mauwa akaingia eda.

"Jumapili ya tatu nimekaa kwenye mkeka, nimejifunika," anasimulia. "Redio ya jirani inaimba, imba, mara makofi, mara kigelegele. Halafu nasikia, 'Baba Tausi, unanisikiaaa?' Namwita marehemu! Tena kwa furaha! Niliziba mdomo kwa mkono, nikidhani ni mie ndiye niliyesema."

Haikuwa bahati mbaya. Kamati, ilipoona viti vitupu, ilichukua kanda ya siku ile ya Atuganile na kuanza kuipiga ukumbini kwa kisanduku cha sauti kila mwimbaji anapomaliza, ili msikilizaji aliye mbali adhani watu wamefurika. Jumapili nyingine marehemu huitwa mara tatu.

Chumba cha pili alikuwamo mama mkwe wake, Bi Mwamvita, aliyetoka Kisarawe kuja kumlilia mwanawe. Kwake yeye linalotoka redioni ndilo linalosemwa saa hiyo hiyo, mahali fulani. Habari za kanda hakuwahi kuambiwa na mtu.

"Mavyaa alitoka, akanitazama," anasema Mauwa. "Akasema, 'Kaburi la mwanangu halijakauka, wewe umeshakwenda kumchezea redioni.' Mie niko mbele yake pale! Nikamwambia mama, ni sauti ya zamani. Akaniuliza, 'Sauti nayo huwekwa akiba kama muhogo mkavu?' Asubuhi akafunga kitambaa chake, akarudi Kisarawe."

Hajakanyaga Temeke tangu siku hiyo. Kijijini Mauwa anaitwa mjane mwenye sherehe.

Alipotoka edani alikwenda kwa kamati kuomba sauti yake ifutwe. Akaambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu akaambiwa vilevile. Mwandishi naye alikwenda, na kwa kuwa mwandishi ana kalamu, alikaribishwa chai.

"Ukumbi mtupu unasikika, ndugu mwandishi," alieleza katibu wa kamati, Ndugu Projestus. "Bila vile vigelegele, wasikilizaji watajua hakuna mtu."

Basi si mngelikata jina la marehemu tu?

"Aa, hapo ndipo wanapopapenda. Watu wanatuandikia kumsalimu Baba Tausi."

Na ombi la mjane?

"Sauti ikishaingia kwenye kanda, ndugu yangu, ni mali ya umma."

Mali ya umma! Umma wenyewe umefukuzwa ukumbini kwa upendeleo, haumo, ila mali yake imo, inapigwa kila Jumapili kuficha kwamba haumo. Tumehimizwa tukate mirija ya wanyonyaji mashambani na viwandani. Nani angedhani upo mwingine hapa, na umechomekwa kwenye koo la mfagizi?

Atuganile naye amekasirika. "Kile nilipewa mie," anasema. "Leo anapewa kila anayepita."

Mauwa anakubaliana naye. "Kigelegele kina mwenyewe. Unampa mtu kwa sababu yake, siku yake. Huwezi kumvua huyu ukamvisha yule."

Tangu atoke eda hajapiga kingine. Jirani alipojifungua, alipiga makofi tu. Na mwezi wa mfungo sita bintiye Tausi anaolewa. Harusi bila bibi wa Kisarawe ni aibu, na bila kigelegele cha mama ni msiba mwingine.

Kwa hiyo Mauwa amefanya lake. Juzi alifunga safari hadi Kisarawe, akapiga magoti mlangoni, akaomba kitu kimoja: Bi Mwamvita aje ukumbini Jumapili moja tu. Bibi alikubali. Atakuja Jumapili hii.

Mauwa anaweka fagio ukutani, anavuta viti viwili vya safu ya mbele na kuvifuta kwa upindo wa khanga, ingawa wiki bado ni ndefu.

"Atakaa hapa, mie hapa. Mtoto wa watu akimaliza kuimba, nitachukua mkono wa mavyaa niuweke hapa," anasema, akigusa koo lake. "Kile kisanduku kitamwita mwanawe. Na yeye atasikia kwa kiganja chake kwamba mie nimenyamaza."