Nilivyoitoa mizigo yote ya stoo, Tukuyu, ili baba mkwe nisiyeruhusiwa kumwona apate pa kuishi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Nimesoma nyuzi za wadada humu za kupanga nyumba, wenyewe wanaita "decluttering". Makabati meupe, vikapu vimebandikwa majina. Nikacheka peke yangu.

Hiyo kazi mimi niliifanya Bulyaga, Tukuyu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, bila kabati hata moja. Nayaeleza yaliyonikuta kama yalivyokuwa. Siyo chai ya kutunga, ingawa nimeishi kunakolimwa chai.

Mimi ni Mpare wa Same. Nilipangiwa kufundisha shule ya msingi huko Rungwe, nikajiambia nikae miaka miwili niombe uhamisho. Nikakutana na fundi mitambo wa kiwanda cha chai, Mnyakyusa, mrefu, mpole. Uhamisho sikuuomba mpaka nastaafu.

Sasa wasiojua wajue kitu kimoja. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani. Siyo ugomvi, ni heshima. Nikimwona anakuja kwa mbali, naingia migombani mpaka apite. Hatuongei, hatuli pamoja, jina lake silitaji.

Vijana wengi wameshaacha, lakini mzee wangu alikuwa wa zamani haswa. Na mimi mgeni niliapa hakuna atakayesema mkamwana wa kutoka mbali amemvunjia heshima.

Halafu nilimpenda yule mzee. Nilipomjifungua Neema, mtoto wetu wa kwanza, alitembea na mvua kutoka kijijini kwake Kisiba kutuletea mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa ya mgando. Hakuingia. Aliviacha kwa jirani akageuza. Mimi nilisikia kikohozi chake tu barabarani.

Miaka ikapita, mama mkwe akafariki, mzee akabaki peke yake kule Kisiba. Akateleza kwenye tope, nyonga ikaumia, akawa wa fimbo. Nyumba yenyewe inavuja.

Mume wangu akamfuata, aje akae na sisi. Mzee akakubali kwa sharti moja: awe na mlango wake wa nje na njia yake ya kwenda chooni, asije akagongana na mkamwana. Kama haiwezekani, atafia huko huko kwake.

Nyumba yetu ilikuwa na sebule, vyumba viwili na stoo. Mlango wa nje wa pembeni ulikuwa mmoja tu, wa stoo.

Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Ile stoo ilikuwa imejaa mpaka darini, na aliyeijaza ni mimi. Makopo ya maziwa ya unga, chupa, magunia ya katani, jiko la mchina lisilo na tambi, redio mbili mbovu, viatu vya mguu mmoja, madaftari ya wanafunzi ambao sasa wana watoto wao. Mlango hata haukufunguka, ilibidi upitie ndani kwa ubavu.

Msinicheke. Sisi tuliopitia miaka ya kupanga foleni duka la ushirika tunaelewana. Neema alipokuwa mchanga sabuni hakuna, nikafulia nepi zake kwa majani ya mpapai yaliyotoka Kyela. Mtoto akatoka vipele mapaja yote. Siku ile nilijiambia, kitu kikiingia kwangu hakitoki tena.

Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa sokoni kama mchanga. Unadhani niliacha? Ndiyo kwanza nikaongeza na mitumba juu yake.

Basi nikaanza kazi. Siku mbili nzima natoa vitu stoo, jasho linanitoka, najiona shujaa. Akaja wifi yangu Tumpe kunisaidia. Akasimama katikati ya sebule, akazunguka na macho.

"Wifi, ngoja kwanza. Hujatoa kitu hapa. Umehamisha."

Nikaangalia. Kweli bwana. Makopo yako chini ya makochi, magunia chumbani kwetu, redio juu ya kitanda cha watoto. Kila kitu nilichokishika nilikuwa nimekitafutia pa kukificha.

"Sasa tata, baba yetu, atalala stoo, na ninyi mtalala wapi? Juu ya makopo?"

Mume wangu akarudi kutoka kazini. Akatafuta pa kukaa, akakosa. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Basi mama Neema, usijichoshe. Nitamwambia baba abaki kule."

Wakuu, bora angenifokea. Nililala na maneno yale, nikaamka nayo. Mzee amenitembelea na mvua, mimi namnyima kitanda kwa ajili ya makopo!

Jumamosi asubuhi bahati ikawa yetu, jua likawaka. Mliokaa Tukuyu mnajua jua la Tukuyu halina ahadi. Tukatandika majani ya migomba uwanjani, tukatoa kila kitu nje, cha stoo na nilichokuwa nimekihamisha. Nikaweka sheria moja: ambacho sijakigusa tangu watoto waanze shule hakirudi ndani.

Majirani wakaanza kusogea.

"Mwalimu, unahama?" akauliza Mama Atupele wa nyumba ya pili.

"Sihami. Namkaribisha mkwe wangu. Chukueni mnachotaka."

Nyie! Magunia yakaenda kukaushia mahindi, chupa zikaenda, mitumba ikagombaniwa kwa vicheko. Tumpe kazi yake ilikuwa kunipiga mkono kila nikirudisha kitu nyuma ya mgongo.

Ila kuna katoni mbili nilizikalia. Nilizikalia kweli, makalio juu. Zilikuwa sabuni za miche, nilizoficha tangu enzi zile, zimekauka zimekuwa mawe. Tumpe akainama akaniambia taratibu, "Wifi, sabuni zipo dukani. Neema ni mkubwa. Vipele vilishapona."

Nikalia mbele za watu, sioni haya kusema. Kisha nikasimama, nikagawa mche mmoja mmoja kwa mkono wangu. Mchana mvua ikashuka, uwanjani hakuna kitu, na nyumba yangu ina mwangwi.

Tukapaka chokaa ile stoo. Mume wangu akaweka dirisha. Nyuma tukapanda mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, kuificha njia ya chooni, mzee apite bila kuonekana kutoka jikoni. Masanduku mabovu ya kufungia chai ambayo mume wangu aliruhusiwa kuyachukua kiwandani tukayageuza shelfu, tukaziweka kwenye baraza ya nyuma, kati ya jiko langu na mlango wake.

Mzee akaja. Mimi nipo chumbani nasikia fimbo, ko, ko, mpaka mlango ukafungwa.

Mpango ulikuwa hivi: naweka chakula kwenye shelfu, nagonga mfuniko wa sufuria mara mbili, naingia ndani. Yeye anatoka, anachukua.

Wiki ya kwanza nikaharibu. Katika kufagia baraza nikachukua kiberiti chake kwenye shelfu, nikakisahau jikoni. Siku hiyo baridi kali, ukungu haujaondoka. Mzee anahitaji kuwasha mkaa, hawezi kuniita, hawezi kuniuliza. Alikaa na baridi yake kuanzia asubuhi mpaka mwanawe aliporudi kazini. Nilijisikia vibaya sana.

Hapo ndipo nilipoelewa kupanga nyumba ni nini. Mtu ambaye hawezi kukuuliza, kitu chake lazima kiwe pale pale jana, leo na kesho. Kiberiti kulia. Kikombe katikati. Chumvi na sukari kushoto. Taa chini. Sikusogeza tena hata kijiko.

Na mzee naye akaanza kunijibu. Sahani anaisuuza, anairudisha pale pale. Kopo la sukari likiisha analipindua. Ndizi zikimfurahisha, kikombe nakikuta kimewekwa ndani ya bakuli. Tukawa tunaongea hivyo, bila sauti, bila kuonana.

Mwaka wa pili wakaja wazee watatu kutoka Kisiba kumsalimia. Niko jikoni nasonga ugali, nawasikia kupitia ukuta. Kinyakyusa nilikuwa nakielewa vizuri sasa, wao hawakujua.

Mmoja akasema, "Kule nyumbani wanasema yule mwanamke wa kutoka mbali amekulaza stoo."

Mwiko ukanikwama mkononi. Maana ni kweli, ilikuwa stoo.

Mzee akakohoa. Kisha akasema, "Uso wake sijauona, na sitauona. Lakini kule kwangu nilikuwa natafuta kila kitu, mpaka fimbo yangu. Hapa tangu nifike sijatafuta. Nikinyoosha mkono, kipo. Waambieni hivyo."

Ugali uliungua, na sikujali. Nimefundisha miaka zaidi ya thelathini, nimepewa vyeti, nimepigiwa makofi. Hakuna kilichonipa fahari kama yale maneno ya mtu asiyejua namsikia.

Alikaa nasi mpaka Mungu alipomchukua.

Nilichojifunza: usianze na vikapu wala makabati. Anza kwa kujiuliza nani anakosa nafasi kwako kwa sababu ya vitu vyako. Mimi jibu lilikuwa Kisiba, kwenye nyumba inayovuja.

Haya, uwanja wenu. Ni kitu gani mmekikalia mpaka leo, na kinamzuia nani asiingie?