Siku Niliyompandisha Mayu Kabula Juu ya Fisi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, baba alirudi kutoka Mwanza na kompyuta iliyokwisha kutumika, imeviringishwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Tuliishi Somanda watu watatu: baba, mimi, na bibi aliyenilea tangu mama afariki. Baba alikuwa karani katika ofisi mpya za serikali kule Lagangabilili. Aliondoka alfajiri na pikipiki, akarudi jioni na vumbi kwenye nyusi. Kompyuta ni ya kazi, alisema. Lakini aliyemuuzia alikuwa ameacha mchezo ndani yake, na haikupita wiki nikauona.

Ulikuwa mchezo wa nchi ya milima na misitu, yenye majitu na mazimwi. Kabla ya kuingia unamtengeneza mtu wako mwenyewe: sura, macho, nguo, kazi yake, mnyama wa kupanda. Kisha unamwandikia jina, na jina hilo linaelea juu ya kichwa chake kila aendako. Kiingereza changu kilikuwa cha kuonyesha dirisha na mlango tu, kwa hiyo nilijifunza kwa kujaribu na kufa. Mtu wangu wa kwanza nilimpa jina langu, Minza, nikampa na upanga. Alikufa mara nyingi mpaka nikamchoka.

Wa pili nikataka awe mganga, anayeponya majeraha ya wenzake na kurusha moto kwa fimbo. Nikataka awe mzee. Na mzee niliyempenda kuliko wote, ukimtoa bibi, alikuwa Mayu Kabula.

Mayu kwa Kisukuma ni mama. Kabula alikuwa mjane, aliishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwetu, mahali mji unapoishia na shamba la pamba linapoanza. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa kule Sola. Kila nikitoka shule alinijazia kiganja michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, akaniuliza nimejifunza nini, na alisikiliza kweli. Kuni zake zilikuwa miti ya pamba iliyokauka baada ya mavuno, na moshi wake ulimwachia macho mekundu mwaka mzima.

Basi mtu wangu nikampa macho mekundu, maana ndivyo alivyokuwa. Nikamchagulia joho la rangi ya khanga yake. Farasi alikuwa hapatikani mpaka ufike mbali. Mnyama aliyebaki alikuwa na madoadoa na mgongo ulioteremka nyuma. Nikambofya huyo. Kisha nikaandika herufi kubwa: KABULA.

Bibi alipita na ungo wa mchele, akasimama. Kusoma kwake kulikuwa kwa shida, lakini jina lile alilisoma.

"Nani kaandika hilo?"

"Mimi, bibi. Anaponya watu."

"Lifute. Jina la mtu halichezewi. Tena juu ya fisi! Wewe umekulia wapi?"

Niliitikia ndiyo bibi. Asubuhi yake, Jumamosi, aliponiuliza, nikamwambia nimeshalifuta. Sikuwa nimelifuta.

Nilikulia palepale, na nilijua kama anavyojua kila mtoto wa kwetu. Walisema mchawi husafiri juu ya fisi. Walisema mwanamke mzee mwenye macho mekundu si wa kumtazama sana. Lakini maneno hayo niliyaweka upande mmoja wa kichwa, na mchezo upande mwingine. Sikufikiri kwamba kuna mtu angeweza kuyakutanisha.

Aliyeyakutanisha ni rafiki yangu Sayi. Alikuja Jumamosi ileile kuangalia ninavyocheza. Kwenye kioo, Kabula wangu alikuwa anakimbia msituni juu ya mnyama wake.

"Huyo si Mayu Kabula?" aliuliza.

"Ndiye."

Sayi alirudi nyuma hatua mbili, akatoka bila kuaga. Asubuhi hiyo ndama wa tatu wa baba yake alikuwa amekufa, watatu ndani ya mwezi mmoja. Mimi sikuwa na habari.

Saa nane mchana umeme ulikatika. Nilikuwa bado nimekaa mbele ya kioo cheusi niliposikia hodi ya wanaume. Walikuwa watano, mbele yao Mzee Ngasa, baba yake Sayi, mtu mpole aliyekuwa akinibeba begani nilipokuwa mdogo.

"Minza, mwanangu, Sayi anasema kompyuta yenu imemwonyesha Kabula juu ya fisi. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Nani aliliandika jina lake?"

Bibi alikuwa nyuma yangu. Nilihisi macho yake kisogoni. Nikisema ni mimi, atajua nilimdanganya asubuhi, na fimbo yake niliijua.

"Limejiandika lenyewe," nikasema.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Mmoja wao alisema taratibu, "Mashine haina ugomvi na mtu. Haiwezi kumsingizia." Wakatoka.

Bibi hakunipiga. Aliniinamia akauliza, "Unajua wanakwenda kufanya nini?"

Nilijua. Habari za vikongwe wa vijiji vya mbali waliokatwa mapanga tulizisikia, kisha tukaambiwa watoto nendeni mkacheze. Bibi alikaza khanga kiunoni, akanishika mkono, tukakata katikati ya pamba, vitumba vikitukwaruza miguu. Tulimkuta Mayu Kabula anaanika viazi juu ya jamvi. Bibi hakueleza kitu. Alikaa kando yake, bega kwa bega, akanikalisha mbele yao.

Wanaume walipofika walikuwa wameshakuwa kumi na zaidi. Wawili walikuwa na mapanga, na watoto waliowafuata walikuwa na mawe.

"Mwadila, baba," Kabula aliwasalimia.

Hawakuitikia. Kwetu salamu huitikiwa hata na mtu mliyegombana naye. Kabula aliwatazama mmoja mmoja, kiazi kikiwa mkononi.

Nikasema, "Niliandika mimi." Nikasimama. Nikarudia. "Jina niliandika mimi. Nilidanganya."

"Umefundishwa na bibi yako njiani," alisema Ngasa.

"Basi twendeni kwangu," bibi akajibu. "Umeme ukirudi mtaona wenyewe. Kabula atakaa nami, katikati yenu. Atakayemgusa kabla ya hapo, kanigusa mimi."

Tulikaa sebuleni kwetu tangu saa tisa. Wengine walijaa barazani na madirishani. Kabula alikaa kwenye kochi la baba, magoti yamebanana, bibi kamshika mkono. Kila pikipiki ilipopita niliomba iwe ya baba, ambaye hata Jumamosi hiyo alikuwa kazini, na haikuwa yake. Nilibanwa mkojo, nikaogopa kuinuka.

Saa kumi na moja taa iliwaka. Nikaiwasha kompyuta. Nilianza mtu mpya mbele yao. Nikamchagulia macho mekundu, nikamchagulia mnyama yule wa madoadoa, kisha nikaandika jina huku nikilitamka herufi moja moja: N, G, A, S, A.

Akatokea juu ya fisi, jina lake likielea kichwani. Nikamzungusha ili kila mtu aone.

Nilitegemea wacheke. Mzee Ngasa alisogea mpaka karibu kabisa na kioo, jasho likimtoka.

"Nitoe humo," alisema kwa sauti ndogo. "Minza, nitoe humo sasa hivi."

Nikamfuta. Nikamfuta na Kabula. Wakaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyemwomba Kabula radhi. Baadaye daktari wa mifugo alisema ndama walikufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe. Ngasa alikuwa ameacha kuwapeleka joshoni kuogeshwa dawa.

Ningependa kusema yaliishia hapo. Baba aliuondoa mchezo usiku uleule. Lakini wanawake waliokuwa wakipita kwa Kabula kunywa chai walianza kuzungukia njia ya pili, na watoto walipokea michembe yake kisha wakaitupa mtaroni. Baada ya mavuno ya pamba binti yake alikuja na gari dogo, akampakia na vyungu vyake, akampeleka Sola.

Nilikwenda kumwona nilipokuwa chuoni. Alikuwa haoni vizuri tena, akanijua kwa sauti. Nilimweleza yote, mpaka uongo ule na sababu yake.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Wale walikuwa watu wazima, na kila mmoja wao alishakunywa chai nyumbani kwangu."

Alisema hivyo ili kunipunguzia, nami nilimshukuru. Lakini nimelifikiria sana neno lake, na halinitoshi. Wale wanaume waliogopa, na walichokiogopa walikiamini kwa moyo wote. Mimi sikuamini chochote kati ya hayo. Nilijua vizuri nani aliandika jina lile, na niliogopa fimbo tu.