Apollinaire na Beseni la Mzungu

Mpaka mwaka wa uhuru wa Kongo, hakuna mtu wa Butembo aliyewahi kumsikia Apollinaire akipaza sauti. Alikuwa mpima kahawa kwenye depo ya mlowezi mmoja Mzungu, na kwa miaka tisa alitaja kilo kwa sauti ndogo kiasi kwamba wakulima wa Vuhovi walimwinamia kama wanaungama. Akikutana na mbuzi njiani, yeye ndiye aliyepisha.

Mwezi wa saba, 1960, mlowezi alipakia familia yake garini akashika njia ya Kasindi, kwenda Uganda. Kesho yake barabara ilijaa watu. Apollinaire alitoka kutazama tu. Mbele yake migongo, nyuma yake vifua, kila mtu anaimba, naye akaimba. Mtu fulani akarusha jiwe kwenye dirisha la depo. Jiwe la pili lilikuwa la Apollinaire. Kioo hicho alikuwa amekifuta mwenyewe Jumamosi. Alipiga kelele mpaka koo likakauka, akaona raha ambayo hakuiona hata siku ya ndoa yake.

Jioni alifika nyumbani na beseni la mlowezi la kuogea, la bati, refu kuliko kitanda cha watoto. Mkewe, Katungu, aliacha kumenya ndizi.

"Baba Muyisa, ile ni kitu gani?"

"Beseni."

"Naona ni beseni. Nani aliiba?"

"Batu."

"Batu gani?"

"Batu tu, Mama Muyisa. Tulikuwa bengi."

"Na weye, uko kitu gani? Hauko mutu?"

Beseni halikupita mlangoni, likafunikwa majani ya migomba nyuma ya nyumba, na kuku wakaanza kutagia humo. Majirani hawakuuliza, kila mmoja alikuwa na chake cha kufunika.

Jumapili iliyofuata padri alitangaza: kila kitu kirudi depo kesho asubuhi, na hakuna atakayeandikwa jina. Jumatatu kukapambazuka na ukungu mzito, mtu haoni ng'ambo ya barabara. Apollinaire alimshukuru Mungu, akajifunika beseni kichwani mpaka kiunoni, akaondoka. Alisikia nyayo nyingine kando yake na vikohozi viwili vitatu, lakini hakusalimia mtu.

Karibu na depo, lori lilikuwa limesimama. Lilikuwa la Nassoro, mfanyabiashara Mwislamu wa Beni, aliyekuwa akisubiri ukungu upungue.

"Wavukire, Apollinaire!" Nassoro alimwamkia kwa Kinande kutoka dirishani.

Beseni likasimama. "Unanijuaje?"

"Lakini sasa hivi umepisha mbuzi. Nani mwingine Butembo nzima?"

Jua likatoka ghafla. Ukungu ukapanda mlimani, na pale mbele ya depo ukabaki mstari wa watu thelathini, kila mtu na mzigo wake. Anne-Marie, mwongozaji wa kwaya, alikuwa amekumbatia mfuniko wa choo.

"Mi niliokota hii mu njia," alisema Anne-Marie upesi.

"Na mimi pia," wakasema wengine.

Nassoro alicheka mpaka kiwiko chake kikapiga honi. Apollinaire aliteremsha beseni, jasho likimtoka.

"Mi hapana okota," alisema, kwa sauti ile ile ya kupimia kahawa, lakini siku hiyo wote walisikia. "Nilivunja kioo, nikaiba."

Hakuna aliyemshukuru. Alipigilia mbao kwenye dirisha mchana ule peke yake, na Anne-Marie hakumsalimia kwa miezi miwili.

Mwaka 1964 waasi dhidi ya serikali walipanda kutoka Beni wakiimba, wamejifunga majani vichwani, na barabara ikajaa tena. Vijana walitoka, na wazee wengine wakatoka, kutazama tu. Apollinaire alikuwa amekaa ndani alipoona mguu wake unafuata wimbo, kama siku ile ya kioo.

"Mama Muyisa," aliita, "uniite jina."

"Jina gani?"

"Ile ya ubatizo. Hapana nyamaza."

Katungu, ambaye hakuwahi kulitumia jina hilo tangu siku ya ndoa kanisani, alibeba mihogo yake akaketi mlangoni, mgongo kwa barabara.

"Apollinaire!"

"Niko."

"Apollinaire!"

"Niko, Mama."

Wimbo ulipopotelea upande wa Lubero, mihogo ya siku mbili ilikuwa imekwisha kumenywa.