Kamba Waliokataa Kukua

Wavuvi wa Naivasha humwita mama huyu mtafiti Daktari wa Kamba. Kila asubuhi yeye humkamata kamba mmoja nyuma ya magando, humpima, humpaka namba mgongoni kwa rangi ya kucha, kisha humnong'oneza, "Kua basi, mpenzi," na kumrudisha ziwani. Mwaka mzima, kila mwenye namba aliyenaswa tena alikuwa na urefu uleule. Ripoti yake ya Jumatatu ilishaandikwa: hawakui, uvuvi usimamishwe.

Leo Kahiga mvuvi kamletea ganda tupu lenye namba arobaini. "Mathe, hawa wakitaka kukua huvua koti. Namba wanakuachia wewe!"

Daktari akalibusu ganda, kisha akafuta kurasa zote thelathini za ripoti, kwa furaha ya nyanya aliyeambiwa wajukuu wamenenepa.