Mpira wa Mkia wa Kondoo

Chepkurui aliligundua jambo hilo alipomkunjia mumewe mkono wa shati ili anawe. Juu ya kiwiko cha kulia, ile nundu iliyoning'inia tangu mavuno ilikuwa imebanwa kwa mpira mdogo wa kijani.

"Baba Cherono, huu si ule wa kondoo?"

"Ndio huo."

"Na wewe umekuwa kondoo?"

"Kondoo hasumbuliwi kwa maswali," Kiprugut akajibu, akacheka.

Alikuwa nyapara wa zizi katika shamba moja juu ya Molo, shamba lililokuwa la Mzungu na sasa ni la wanachama wa ushirika. Kazi yake aliijua tangu ujana. Unaupanua mpira kwa koleo, unamvika mwana-kondoo mkiani, damu inakatika, mkia unakauka na kudondoka wenyewe. Watu wa kwao waliwahi kucheka sana: mkia wenye mafuta ndio utamu wa kondoo, na Mzungu anautupa! Lakini Kiprugut alikuwa ameona mikia isiyo na idadi ikianguka bila tone la damu, na njia hiyo aliiamini kuliko kisu cha daktari.

Nundu ilikauka kweli, ikadondoka. Jumapili akasimama kanisani kutoa shukrani. Chepkurui alisema amina pamoja na wengine, ila moyo wake haukutulia.

Mvua ya masika ya mwaka 1973 iliponyesha, kovu lilifura. Safari hii uvimbe haukuning'inia. Ulilala chini ya ngozi, mpana, wenye joto, na mishipa iliuelekea kutoka kila upande kama njia za ng'ombe zinavyoelekea birikani. Chepkurui akajifunga leso, akachukua Biblia.

"Leo tunateremka Nakuru. Ukikataa, namwita mchungaji aje akubebe."

Hospitalini walikata kipande kidogo, wakakipeleka kupimwa. Siku ya majibu, Daktari Shabir, kijana aliyezaliwa mjini humo humo, aliupapasa mkono, kisha akapapasa kwapa, akakawia hapo. Chepkurui alikuwa akiutazama uso wa daktari, si mkono.

"Mzee, ni saratani. Kwapani sijakuta kitu. Mkono uondolewe begani, na upesi. Ikifika kifuani sitakuwa na la kufanya."

"Mimi niliikatia damu," Kiprugut akasema. "Ilikauka mbele ya macho yangu. Imerudije?"

"Kilichokauka ni kile kilichoning'inia. Mizizi ilibaki ndani. Uvimbe kama huu hutoa enzaimu, kitu kinachoyeyusha nyama iliyouzunguka kama tumbo linavyoyeyusha chakula, ili upate pa kupita. Tena wako wataalamu ng'ambo wanaosema unaita mishipa mipya ya damu ije kuulisha. Bila damu haukui."

Kiprugut akainuka nusu kitini. "Basi nilifikiri sawasawa! Nipe dawa ya kuikata hiyo damu."

"Hao wenyewe bado wanaitafuta. Huenda watoto wako wakaiona."

"Watoto wangu. Na mimi?"

"Wewe, mzee, una kisu tu."

Kiprugut akafumba na kufumbua vidole vya mkono wa kulia, vilivyokuwa na nguvu zote. Chepkurui aliomba moyoni bila maneno.

"Mtu wa mkono mmoja hawezi kumshika mwana-kondoo huku ameshika koleo," mumewe akasema mwishowe. "Nitakuwa nani pale zizini?"

"Mimi ninayo miwili."

"Wewe? Unamkimbia hata kondoo dume!"

"Namwogopa. Ila naogopa zaidi kukaa bila wewe."

Kiprugut akamtazama mkewe, kisha akamgeukia daktari. "Kata."

Mungu akampa misimu miwili ya kuzaa kondoo. Chepkurui aliwakumbatia wana-kondoo kifuani, mumewe akibana koleo kwa mkono wa kushoto na kumtania: "Shikilia, mama! Huyo si mtoto wa kubatizwa." Msimu wa tatu ulimkuta akikohoa, kifua kimejaa. Daktari Shabir alipompima hakutaja kisu tena.

Kiprugut alitaka apelekwe zizini hata hivyo. Wakamweka juu ya kigoda, amefunikwa blanketi. Chepkurui akambana mwana-kondoo magotini, akashika koleo mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Juu kidogo," Kiprugut akasema. "Hapo. Achia."

Mikia ya msimu ule ilidondoka yeye ameshazikwa. Chepkurui aliiokota mmoja mmoja nyasini, akaenda kuwavika mpira wana-kondoo waliobaki.